Kupima Shughuli za Mwili za Watu Wazima kwa Dodoso

Shughuli za mwili, kwa maana inayotumika katika afya ya jamii, ni kila mwendo wa misuli unaoufanya mwili utumie nishati zaidi kuliko unapotulia. Kulima, kutwanga, kusukuma mkokoteni, kwenda sokoni kwa miguu, kupanda ngazi za ofisi na kucheza mpira jioni, vyote vimo. Mazoezi ni sehemu ndogo tu ya hayo: ni shughuli ambayo mtu ameipanga makusudi ili kujenga mwili au afya. Tofauti hii ndiyo ya kwanza kushikwa na anayetaka kupima. Dodoso linalouliza "Je, unafanya mazoezi?" litamwandika mkulima wa jembe la mkono kuwa mtu asiyejishughulisha, kisha litamsifu karani anayekimbia nusu saa kila Jumamosi. Mkulima hakudanganya. Kwake kulima ni kazi, na mazoezi ni mambo ya askari na wachezaji.

Dodoso si njia pekee ya kupima. Kipo kifaa kidogo, akselerometa, kinachovaliwa kiunoni au kwenye kifundo cha mkono na kurekodi mtikisiko wa mwili dakika kwa dakika. Nchini Marekani kifaa hicho kilipotumika katika utafiti wa kitaifa wa afya wa 2003–2004, watu wazima waliofikia kiwango cha shughuli kilichopendekezwa walikuwa chini ya 5%, ilhali watu walipoulizwa kwa mdomo, waliojihesabu kuwa wamefikia kiwango walikuwa wengi mara kadhaa. Wapo wanaotoa hapo hukumu kwamba maswali hayafai kitu. Hukumu hiyo ina haraka. Kifaa cha kiunoni hakijui kama aliyekivaa amebeba ndoo ya lita 20 kichwani au anatembea mikono mitupu, hakimsomi vizuri anayeendesha baiskeli, na hakisemi kama mwendo ulikuwa wa kazini, wa njiani au wa michezoni. Tena ni ghali, na baadhi ya waliopewa hukivua wakasahau kukivaa tena. Kwa utafiti wa kaya elfu kadhaa dodoso bado ndilo linalowezekana. La muhimu ni kujua linapima nini na linapokosea hukosea upande gani.

Madodoso mawili

Anayeanza asitunge dodoso lake. Yapo mawili yaliyokwisha kujaribiwa katika nchi nyingi, na jipya lolote halitalinganishwa na kitu.

La kwanza ni IPAQ, lililobuniwa na kundi la watafiti wa kimataifa mwishoni mwa miaka ya 1990 na kujaribiwa mwaka 2000 katika nchi 12, Afrika Kusini ikiwa mojawapo. Lina umbo fupi na umbo refu, na yote mawili huuliza habari za siku 7 zilizopita. Umbo fupi halitenganishi kazi, safari na burudani. Hukusanya vyote pamoja kwa kadiri ya nguvu iliyotumika. La pili ni GPAQ, lililotengenezwa na Shirika la Afya Duniani kuanzia 2002 liwe sehemu ya mfumo wa tafiti uitwao STEPS, ambao hufuatilia vihatarishi vya magonjwa yasiyoambukiza. Lina maswali 16, huuliza kuhusu wiki ya kawaida, na hugawanya maisha katika maeneo matatu: kazi, kwenda na kurudi mahali, na burudani au michezo. Swali la mwisho linahusu muda wa kukaa. Tanzania ilifanya utafiti wa STEPS mwaka 2012, Uganda 2014 na Kenya 2015, kwa hiyo anayetumia GPAQ Afrika Mashariki ana cha kulinganisha nacho nyumbani.

Kwa jamii ambayo sehemu kubwa ya jasho hutoka shambani, ziwani, gereji na sokoni, GPAQ ndilo la kuchagua, kwa sababu linaanza na kazi, iwe ya mshahara au isiyo na malipo, na kazi za nyumbani zikiwamo. IPAQ lina kasoro nyingine ambayo wengi huiona wakiwa wamechelewa: katika uchakataji wa umbo lake fupi, muda wa kila aina ya shughuli hukatwa usizidi dakika 180 kwa siku. Kwa mfanyakazi wa ofisini kanuni hiyo huondoa majibu ya kutia chumvi. Kwa mwanamke anayepalilia saa tano wakati wa masika, huondoa ukweli.

Maneno

Hapa ndipo tafiti nyingi za Kiswahili zinapojikwaa, na ndipo panapostahili muda mwingi kuliko pengine popote. Tafsiri inaweza kuwa sahihi kwa kamusi na bado ikamkosa mhojiwa.

Neno "saa" lina mitego miwili. Kiswahili huhesabu saa za mchana kuanzia kuchomoza kwa jua, na neno lilelile hutaja wakati na pia urefu wa muda. Mhojiwa akisema "nalima mpaka saa nne", maana yake ni katikati ya asubuhi. Mdadisi mchovu huandika 4 katika kisanduku cha muda. Hata "saa mbili" peke yake yaweza kuwa urefu wa muda au wakati wa kuanza. Wengi katika mazungumzo husema "masaa mawili" wanapotaja muda, na ingawa wasahihishaji hawalipendi umbo hilo, linaondoa utata. Lililo salama zaidi ni mdadisi kuuliza mwanzo na mwisho: alitoka nyumbani saa ngapi, alirudi saa ngapi, njiani alitumia muda gani, alipumzika mara ngapi na kwa muda gani. Kisha apige hesabu mwenyewe na kumsomea mhojiwa jibu lipate kuthibitishwa.

Neno "kukaa" nalo lina sura mbili. Swali la GPAQ kuhusu muda wa kukaa likitafsiriwa neno kwa neno, "Kwa siku unakaa kwa muda gani?", mhojiwa huweza kuelewa kwamba anaulizwa muda anaoshinda nyumbani, kwani kukaa pia ni kuishi mahali. Swali litaje kukaa kitako au kujinyoosha bila kulala usingizi, na litoe mifano ya mahali husika: kwenye daladala au matatu, mbele ya televisheni, kibarazani na jirani, kijiweni ukisubiri abiria. Dereva wa bodaboda huona kwamba yuko kazini tangu alfajiri. Asipotajiwa kwamba kukaa juu ya pikipiki kunahesabika, atasema hakai kabisa.

"Kutembea" humaanisha kwenda kwa miguu, lakini pia kwenda matembezini au kuzuru ndugu, na safari hiyo yaweza kufanywa kwa basi. "Kwenda kwa miguu" halina utata. "Kazi ngumu" haifai kwa shughuli ya nguvu nyingi, maana hata mtihani wa hesabu ni mgumu. "Kazi nzito" au "kazi ya nguvu" hukaribia zaidi, na penye wazee "kazi ya suluba" hueleweka mara moja. "Mara nne kwa wiki" si sawa na "siku nne kwa wiki": anayechota maji asubuhi na jioni amefanya mara mbili katika siku moja. Na jibu la "kila siku" lisiandikwe 7 kabla ya kuuliza, "Hata Ijumaa? Hata Jumapili?"

Kiwango cha nguvu ndicho kigumu kuliko vyote kukieleza. Tafsiri nyingi hutumia jasho kuwa alama. Alama hiyo ni mbovu pwani: Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari, hata anayepepea jiko la mkaa hutokwa jasho. Pumzi ni alama bora. Shughuli ya wastani huongeza pumzi kidogo, na mtu aweza kuzungumza ila kuimba kunamshinda. Shughuli ya nguvu nyingi humfanya ahemee juu juu, asiweze kutoa zaidi ya maneno machache bila kukatika. Mdadisi anayemwambia mhojiwa "hebu fikiria wakati ule unapolima, ungeweza kuzungumza na jirani yako?" hupata jibu lenye maana kuliko yule anayesoma maneno "shughuli ya kiwango cha juu" kama yalivyochapwa.

Mifano husaidia zaidi ya fasili, na GPAQ lenyewe hutaka kila nchi itengeneze kadi za picha zenye shughuli za kwake. Kadi za Ulaya zenye mtu anayefyeka nyasi kwa mashine hazina kazi Shinyanga. Zinazofaa ni za kulima kwa jembe, kupasua kuni, kutwanga kwa mchi, kuvuta nyavu na kubeba zege, upande wa nguvu nyingi. Kufagia uwanja, kufua kwa mikono na kuchunga mifugo, upande wa wastani. Kuchota maji kuamuliwe mapema. Wengine watakuweka kwenye kazi na wengine kwenye safari ya miguu, na bila uamuzi mmoja kwa wadadisi wote, ndoo ileile itahesabiwa mara mbili katika kaya moja na kusahauliwa katika kaya ya pili. Ni bora ihesabiwe kazi, na mwongozo wa wadadisi useme hivyo kwa maandishi.

Rasimu ya Kiswahili ikishapatikana, mtu wa pili asiyeiona asili aitafsiri kurudi kwenye lugha ya asili, na tofauti zijadiliwe. Hatua hiyo haitoshi. Inayofichua zaidi ni kuketi na watu kumi na tano au ishirini wa aina mbalimbali, kuwauliza swali, kisha kuwaomba wasimulie walivyofikia jibu: walifikiria siku ipi, walihesabu nini, neno fulani wamelielewaje. Na penye wahojiwa ambao Kiswahili si lugha yao ya kwanza, wadadisi wasiachwe watafsiri papo hapo kila mmoja kwa namna yake. Maneno makuu ya lugha hiyo yaandaliwe na kukaririwa na wote.

Kumbukumbu na majira

Mtu hukumbuka vizuri jambo alilolipanga au lililomchosha kupita kawaida, na husahau yaliyotapakaa siku nzima. Mwendo wa vipande vidogo vidogo, wa dukani, wa kisimani, wa kuwafuata watoto, ndio unaopotea kwanza. GPAQ huongeza upotevu huo kwa kuhesabu tu shughuli inayodumu angalau dakika 10 mfululizo. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya 2020 iliondoa sharti hilo. Sasa kila dakika ina faida. Anayefanya utafiti leo ana njia panda: kuondoa dakika 10 na kupoteza ulinganisho na tafiti za nyuma, au kubaki nazo. Kama shabaha ni kufuatilia mabadiliko ya miaka, swali la zamani libaki lilivyo, na swali la nyongeza liwekwe mwishoni, mahali ambapo halitaathiri majibu yaliyotangulia.

"Wiki iliyopita" ni kifungu cha kuepuka. Mhojiwa wa Jumatano aweza kuhesabu siku saba kurudi nyuma, au juma lililokwisha, na kwa wengine juma hilo lilianza Jumamosi kama majina ya siku yenyewe yanavyoonyesha. Penye dodoso la siku 7, zitajwe siku kwa majina kuanzia jana kurudi nyuma. "Wiki ya kawaida" nayo ina shida yake. Mkulima hana wiki ya kawaida. Ana wiki ya kulima, ya kupalilia, ya kuvuna na ya kungoja mvua. Mvuvi hufuata mbalamwezi na bamvua. Katika Ramadhani ratiba ya kazi, kula na kulala hubadilika kwa mamilioni ya watu. Utafiti uliofanywa Machi nyanda ambako watu wapo shambani hautalinganishwa na wa Agosti, na tofauti itakayoonekana itakuwa ya kalenda. Njia ya uaminifu ni kugawa ukusanyaji katika majira mawili au zaidi. Bajeti ikikataa, miezi ya ukusanyaji iwe ileile ya utafiti unaolinganishwa nao na itajwe wazi kwenye ripoti.

Wadadisi

Mhojiwa hujibu swali, lakini pia humjibu mtu aliyemuuliza. Mdadisi aliyevaa sare ya afya huletewa majibu ya kumfurahisha daktari. Mahali ambapo uvivu ni aibu kubwa, mke anayeulizwa mbele ya mama mkwe hawezi kukiri kwamba hukaa kitako saa nne kwa siku. Mahojiano yafanywe faragha kadiri iwezekanavyo, na utangulizi uondoe hukumu: useme kwamba watu hutofautiana katika kazi zao, na kwamba hakuna jibu zuri wala baya. Maneno kama "kwa faida ya afya yako" yangoje mwisho wa mahojiano.

Wadadisi wafundishwe kwa siku zisizopungua mbili juu ya sehemu hii peke yake, wakiigiza mahojiano na kujaza fomu ya mhojiwa mmoja wote kwa pamoja. Majibu yao yakilinganishwa ubaoni, kila panapotofautiana pana kanuni ambayo haijaandikwa. Uwandani, msimamizi atazame takwimu za kila mdadisi jioni. Mmoja akileta sifuri nyingi katika eneo la kazi kuliko wenzake, huenda amegundua kwamba jibu la "hapana" linaruka maswali mawili na kumfikisha nyumbani mapema.

Kutoka majibu hadi tarakimu

Nguvu ya shughuli hupimwa kwa MET. MET moja ni nishati inayotumiwa na mwili uliokaa kimya, na huchukuliwa kuwa sawa na mililita 3.5 za oksijeni kwa kila kilo ya uzito kwa dakika. Katika GPAQ shughuli ya wastani na safari ya miguu au baiskeli hupewa MET 4, na ya nguvu nyingi hupewa 8. Dakika huzidishwa kwa MET na kwa siku za wiki, kisha hujumlishwa. Kiwango cha chini kinachotakiwa ni 600 kwa wiki, kwa kuwa dakika 150 za shughuli ya wastani zikizidishwa kwa 4 hutoa hiyo.

Mwanamke anayelima kwa jembe saa 3 kwa siku, siku 4 kwa wiki, hupata 5,760. Akienda gulioni kwa miguu siku mbili, dakika 30 kwenda na 30 kurudi, huongeza 480, jumla 6,240. Ikiwa katika kila saa 3 za shambani saa moja ilikwenda katika kupumzika na kusalimiana, jumla ya kweli ni 4,320. Kosa hilo ni kubwa zaidi ya mara tatu ya kiwango chenyewe, lakini halimbadilishi daraja: bado yuko juu. Sasa achukuliwe karani wa mjini ambaye shughuli yake pekee ni kwenda kituoni na kurudi, dakika 15 kila upande, siku 5. Hupata 600 barabara. Kama kwa hakika ni dakika 12, naye amezikweza tu kama kila mtu anavyokweza, jumla yake ni 480 na ameanguka. Kijijini, basi, wastani wa tarakimu ndio usioaminika na asilimia ya waliofikia kiwango husimama imara. Mjini asilimia yenyewe hutetereka kwa dakika tatu. Ripoti nyingi hazisemi hili.

Usafishaji wa data hufanywa kwa kanuni zilizoamuliwa kabla ya majibu kuonekana. Siku zaidi ya 7 ni kosa. Muda unaozidi saa 16 kwa siku katika shughuli moja haukubaliki. Tarakimu 30 katika kisanduku cha saa karibu siku zote ni dakika 30. Aliyejibu "ndiyo" bila kutaja muda hawezi kupewa sifuri. Hayo ni maelezo yanayokosekana. Idadi ya waliotolewa kwa kila sababu iandikwe, maana utafiti uliotupa sehemu kubwa ya majibu yake umesema jambo kuhusu ubora wake.

Uthabiti na uhalali

Uthabiti ni dodoso kutoa jibu lilelile kwa mtu yuleyule hali yake isipobadilika. Hupimwa kwa kuwarudia baadhi ya wahojiwa baada ya siku chache: si kesho yake, kwa kuwa watakumbuka walichosema, wala si baada ya miezi, kwa kuwa maisha yamegeuka. Uhalali ni jibu kulingana na ukweli, na hupimwa kwa kulinganisha na kifaa. Mambo haya mawili hayafuatani. Katika majaribio ya GPAQ katika nchi 9, Ethiopia ikiwamo, yaliyochapishwa 2009, uwiano wa majibu ya mara ya kwanza na ya pili ulikuwa kati ya 0.67 na 0.81, ambao ni mzuri. Uwiano na kifaa ulikuwa kati ya 0.06 na 0.35, ambao ni hafifu hadi wa wastani. IPAQ lilionyesha sura hiyohiyo, takriban 0.8 kwa uthabiti na 0.3 kwa uhalali. Watu husema jambo lilelile kila wakiulizwa, ila jambo hilo si kipimo kamili cha walichofanya.

Uwiano peke yake pia hudanganya. Wahojiwa wote wakizidisha muda wao mara mbili, uwiano na kifaa utakuwa kamili na kila jibu litakuwa kosa. Ndiyo maana hutumiwa mchoro wa Bland na Altman, unaoweka tofauti ya vipimo viwili dhidi ya wastani wake. Humo huonekana kama dodoso linazidisha, kwa kiasi gani, na kama linazidisha zaidi kwa wenye shughuli nyingi. Pesa za kuwavisha watu mia moja kifaa kwa siku saba zikipatikana, mchoro huo una thamani kuliko kuongeza wahojiwa elfu moja wa maswali matupu.

Katika makadirio ya kimataifa ya mwaka 2016, yaliyojengwa juu ya tafiti za dodoso, watu wazima wasiofikia kiwango walikuwa takriban 5.5% Uganda na 67% Kuwait. Tofauti ya ukubwa huo haiwezi kuzaliwa na makosa ya kumbukumbu peke yake. Jembe na gari vinaonekana humo. Lakini tofauti ya asilimia mbili tatu kati ya wilaya mbili, au kati ya mwaka huu na mitano iliyopita, yaweza kutokana na mdadisi mmoja, neno moja au mwezi mmoja wa mvua.

Kwa hiyo ripoti itoe kipimo cha kati pamoja na robo ya chini na ya juu, kwa sababu wachache wenye tarakimu kubwa huuvuta wastani juu. Itenganishe kazi, safari na burudani, na wanawake na wanaume, mjini na kijijini. Na kiambatisho chake kiwe na maswali ya Kiswahili kama yalivyoulizwa, kadi za picha, miezi ya ukusanyaji na kanuni za usafishaji, ili atakayerudia utafiti baada ya miaka kumi aweze kuuliza kilekile.